Macho na mikono: jinsi ya kujijaribu mwenyewe uone nani anauambia ubongo kitu kiko wapi

Kabla sijaeleza chochote naomba ufanye hiki kitu, hakichukui hata dakika. Fumba macho. Tanua mikono yote miwili pembeni, nyoosha vidole vya shahada, alafu ilete mikono taratibu mpaka ncha za vidole zigusane mbele ya kifua. Usichungulie. Watu wengi wanapishanisha, kidole kimoja kinapita juu kidogo au mbele kidogo ya mwenzake, sentimita moja, wakati mwingine mbili. Sasa rudia macho yakiwa wazi, vinagusana palepale bila hata kuwaza. Alafu rudia mara ya tatu, umefumba tena, ila safari hii kabla ya kufumba iangalie mikono yako vizuri kwa sekunde kama tano. Utakosea kidogo kuliko mwanzo, lakini ukikaa umefumba muda mrefu makosa yanaanza kurudi.

Hapo umeshaona kitu chenyewe. Misuli, viungo na ngozi vinajua mkono uko wapi, lakini kwa kukadiria, na kadirio lenyewe linateleza taratibu kama saa isiyorekebishwa. Macho ndio yanakuja kuirekebisha kila mara bila we kujua. Ndio maana tunapolala na kuamka gizani mkono unaipapasa swichi ukutani na kuikosa kwa upana wa kiganja, swichi ambayo tumeibonyeza mara elfu.

Mi haya mambo nimeyapenda siku nyingi na kinachoniuma ni kwamba watu wengi wanafundishwa milango mitano ya fahamu kama vile kila mlango una chumba chake, macho huku, ngozi kule, na hawakutani. Wanakutana kila sekunde. Na wakikutana hakuna bosi wa kudumu. Kila sehemu nimesikia "macho ndio yanatawala", si kweli hivo, ubongo unamsikiliza zaidi yule ambaye kwa wakati huo ana uhakika zaidi, na akibadilika mwenye uhakika na usikilizaji unabadilika. Nataka uione hiyo kwa mwili wako mwenyewe, ndio maana nimeandika kwa njia ya majaribio na sio maelezo matupu.

Andaa vitu hivi: klipu moja ya karatasi ya waya, penseli, rula, kioo cha kusimamisha mezani, glavu moja, brashi mbili ndogo za rangi (miswaki miwili laini inatosha), makopo mawili ya ukubwa tofauti yenye mfuniko, lenzi ya kukuzia, kipande cha kitambaa, na mfuko wa plastiki ulio na ukungu, sio ule wa kuonyesha kabisa. Na mtu mmoja wa kukusaidia. Huyo mtu ni muhimu kuliko vitu vyote maana ukijigusa mwenyewe ubongo unajua unaguswa wapi kabla hata hujaguswa, na jaribio linaharibika.

Anza na ngozi peke yake

Nyoosha klipu alafu ikunje iwe kama herufi U, ncha mbili zikiwa sambamba. Ziachanishe milimita 3. Fumba macho, mwenzako akuguse ncha ya kidole, wakati mwingine kwa ncha zote mbili kwa pamoja, wakati mwingine kwa moja, we useme ni ngapi. Kwenye kidole utapatia karibu zote. Sasa hamia kwenye mkono, katikati ya kiwiko na kifundo, ziachanishe sentimita 2. Utasema moja, moja, moja, hata anapokugusa kwa mbili. Inabidi aachanishe mpaka karibu sentimita 4 ndio uanze kuzitenganisha.

Mjerumani mmoja anaitwa Ernst Heinrich Weber alipima hivi hivi mwili mzima kwa bikari na akaandika matokeo yake mwaka 1834, na mpaka leo njia yake inatumika. Maana yake ni kwamba ramani ya nafasi ambayo ngozi inakupa haina ubora ule ule kila mahali, kwenye kidole ni picha safi, mgongoni ni picha ya ukungu.

Sasa jambo lenyewe. Rudi pale kwenye mkono, tumia umbali ule ambao unapatia nusu nusu, pengine sentimita 3 na nusu. Fanyeni mara 20 hivi: mwenzako aweke kipande cha boksi kufunika mkono wako, we uangalie boksi, yeye akuguse kwa chini. Alafu mara 20 nyingine: we uangalie mkono wenyewe, na sekunde ile ya kugusa aufunike haraka usiione klipu. Andika majibu kwa kalamu, usitegemee kumbukumbu. Watafiti wa London walionyesha mwaka 2001 kwamba watu wanaoangalia mkono wao wanatenganisha ncha mbili vizuri kuliko wanaoangalia kitu kingine kilichowekwa palepale, ingawa mguso wenyewe hawauoni. Yaani jicho halikuonyeshi jibu, linakuonyesha tu mkono, na hilo peke yake linanoa ngozi. Tofauti ni ndogo kwahiyo ukifanya mara tano tano ukakata tamaa usiseme haifanyi kazi, ongeza idadi.

Vidole vilivyopishanishwa

Hili ni la zamani kabisa, Aristotle alishalitaja huko Ugiriki zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Pishanisha kidole cha kati juu ya cha shahada, fumba macho, alafu chezesha penseli katikati ya zile ncha mbili, au jiguse ncha ya pua. Utahisi penseli mbili. Au pua mbili.

Kinachotokea ni kwamba vidole vikiwa kawaida, zile pande mbili za nje haziwezi kuguswa na kitu kimoja kwa mara moja, lazima viwe vitu viwili. Ubongo umeishi na vidole hivo tangu utotoni, kwahiyo ukivipishanisha unaendelea kusoma ngozi kama vile viko mahali pake pa kawaida. Sasa fungua macho uangalie. Unaona penseli ni moja, unajua ni moja, lakini kwa wengi ule uwili haufutiki, unafifia tu. Hapa jicho limeshindwa kumaliza kesi, na mi naona ni ushahidi mzuri dhidi ya wale wanaosema macho yanatawala kila kitu.

Kuna ndugu yake ambalo linachanganya zaidi. Nyoosha mikono mbele, geuza viganja vitazame nje na dole gumba chini, pishanisha mikono, viganja vikutane, ingizanisha vidole, alafu ikunje mikono kuja kifuani na kuipandisha juu mpaka fundo la vidole liwe chini ya kidevu. Mwenzako akuonyeshe kidole kimoja kwa kukielekezea tu, asikiguse, akwambie chezesha hicho. Utachezesha cha mkono mwingine, au utakwama kabisa, unakiona kidole hujui ni cha nani. Sasa arudie kwa kukigusa kidogo tu. Kinacheza papo hapo. Yaani macho yanakuletea picha ya mikono iliyopinduka kushoto kulia na hayajui yaipeleke amri wapi, ngozi inajua kwasababu yenyewe haihitaji kujua kidole kiko upande gani wa chumba, inajua tu ni kidole gani cha mwili. Mi hili ndio nalipenda kuliko yote. Kuna nafasi mbili tofauti, nafasi ya mwili na nafasi ya nje, na kazi kubwa ya ubongo ni kutafsiri moja kwenda nyingine kila mara unapohamisha kichwa, macho au mkono. Ukipishanisha mikono ukaona tafsiri inakwama ndio unajua kumbe kulikuwa na tafsiri.

Glavu inayogeuka mkono wako

Hapa chukua muda, usikimbilie. Jaza glavu pamba au karatasi laini iwe na umbo la mkono. Kaa mezani, mkono wako wa kulia uweke nyuma ya kizuizi, boksi lililosimama au kitabu kikubwa, usiuone. Glavu ya mkono wa kulia iweke mbele yako, upande wa ndani wa kizuizi, sentimita 15 mpaka 20 kutoka mkono wako halisi, ikiwa imelala vile vile mkono wako ulivyolala, vidole vikielekea upande ule ule. Funika sehemu kati ya bega lako na glavu kwa kitambaa ili ionekane kama mkono umetokea huko. Mwenzako achukue brashi mbili, aanze kupiga taratibu glavu na mkono wako uliojificha, kidole kile kile, mwelekeo ule ule, wakati ule ule. We angalia glavu tu.

Baada ya dakika moja mpaka mbili watu wengi wanaanza kuhisi mguso unatokea pale kwenye glavu. Sio kwamba wanaamini glavu ni mkono, akili timamu ipo, ila hisia imehamia. Sasa fumba macho, tumia mkono wa kushoto chini ya meza kuonyesha kidole chako cha shahada cha kulia kiko wapi. Mara nyingi utaonyesha mahali palipoelekea upande wa glavu. Umehama. Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walichapisha jaribio hili mwaka 1998 kwa kutumia mkono wa mpira na tangu hapo limerudiwa na watu wengi sana.

Kama kwako halijatokea, angalia mambo haya kabla ya kulaumu mtu: brashi zikipishana hata nusu sekunde linakufa, na glavu ikigeuzwa vidole vikuelekee we linakufa pia. Na hizo sababu za kufa ndio somo lenyewe. Ubongo hauunganishi kila ukionacho na kila unachohisi, unauliza kwanza, hivi vimetokea pamoja? viko mahali panapowezekana? Ukijibiwa ndiyo ndio unaunganisha. Hata wachache ambao hawasikii kitu kabisa wapo, usijione una kasoro.

Kioo kinafanya kitu cha karibu na hicho. Kisimamishe mezani katikati ya mikono yako, kiangalie upande wa kushoto, mkono wa kulia uwe nyuma yake. Angalia ndani ya kioo, utaona mkono wa kushoto umejigeuza kama ndio wa kulia. Chezesha vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja kama dakika mbili, alafu bila kuutazama mkono wa kulia jaribu kugusa nao alama uliyoweka mezani upande ule wa nyuma. Kama kabla ya kuanza ulikuwa umeuweka mkono huo mbali kidogo kuliko picha yake kwenye kioo inavyoonekana, utakosea. Kioo cha aina hii ndicho mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran alichoanza kukitumia miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mkono ambao bado wanahisi mkono upo na unauma, maana kwa jicho kuuona "mkono" umekunjuka baadhi yao walipata nafuu.

Hesabu ya nani asikilizwe

Sasa tuje kwenye roho ya jambo. Niwekee sikio hapa maana ukishaelewa hiki yote ya juu yanakaa sawa.

Chukua mfano wa kubuni. Unashika kijiti, macho yanasema urefu ni milimita 55, vidole vinasema 60. Kama ukiangalia mara nyingi makadirio ya macho yanayumba kwa milimita 2 hivi, na ya vidole yanayumba kwa milimita 4. Ubongo ufanye nini? Ukichukua katikati kabisa, 57 na nusu, unampa mbabaishaji sauti sawa na mwenye uhakika. Njia bora ni kumpa kila mmoja uzito kinyume na mraba wa kuyumba kwake. Macho: 1 gawa kwa 4. Vidole: 1 gawa kwa 16. Hiyo ni nne kwa moja, macho yanapata asilimia 80, vidole 20, jibu linakuwa milimita 56. Na kizuri zaidi, kadirio la pamoja linayumba kwa kama milimita 1.8, ndogo kuliko hata macho peke yake. Mshauri dhaifu bado ameongeza kitu. Hajatupwa.

Mwaka 2002 Marc Ernst na Martin Banks walionyesha kwamba watu wanafanya karibu hivo hivo bila kujua hesabu yoyote. Waliwapa watu tuta dogo la kuona na kushika kwa wakati mmoja wakisema urefu wake, alafu wakawa wanaichafua picha hatua kwa hatua. Picha ikiwa safi watu wanafuata macho. Picha ikichafuka wanahamia kidogo kidogo kwenye mkono, kwa kiasi karibu kile kile ambacho hesabu inatabiri.

Ndio maana majaribio ya zamani yalionekana kusema macho ni mfalme. Irvin Rock na Jack Victor mwaka 1964 walimpa mtu ashike kipande cha mraba kupitia kitambaa, asiuone mkono wake, huku akikiangalia kwa lenzi inayokibana upana. Kwa macho ni mstatili, kwa mkono ni mraba. Watu walichora walichokiona, na wengi hawakugundua hata kwamba kuna ugomvi. Lakini macho yalishinda kwasababu kwa kazi ile na mwanga ule yalikuwa na uhakika zaidi, sio kwasababu yamezaliwa na taji.

Kulifanya nyumbani: chukua kifuniko cha chupa, kishike kwa chini kupitia kitambaa ili vidole visionekane, kiangalie kwa juu kupitia lenzi ya kukuzia huku unakitomasa ukingo. Baada ya sekunde kumi weka kila kitu chini, chora duara la ukubwa uliouhisi, pima kwa rula. Rudia kwa kukiangalia kupitia lenzi pamoja na mfuko ule wa plastiki wenye ukungu, ukunje mara mbili kama bado unaona vizuri. Alafu rudia umefumba macho. Fanya kila moja mara kadhaa kwa vifuniko tofauti, ukichora mara moja tu bahati inakudanganya. Unachotafuta ni duara la ukungu likae katikati ya lile la lenzi safi na lile la macho yamefumba.

Na kuna sharti. Uunganishaji unafanya kazi pale jicho na mkono vinapokuwa kwenye kitu kimoja mahali pamoja. Sergei Gepshtein na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba ukiviachanisha, kinachoonekana kiwe hapa na kinachoshikwa kiwe sentimita kadhaa pembeni, faida inapungua. Ina mantiki kabisa. Kama viko mbali pengine ni vitu viwili, na kuchanganya vitu viwili ni kosa.

Makopo yanayokataa hesabu

Nisije nikakudanganya kwamba hesabu ile inaeleza kila kitu. Chukua yale makopo mawili, dogo na kubwa, yajaze mchanga yawe na uzito sawa kabisa kwa mizani, kubwa litabaki na nafasi tupu kwa juu, bana kwa karatasi mchanga usicheze. Mpe mtu ayanyanyue moja moja huku anayaona. Atasema dogo ni zito zaidi. Mwambie ukweli, mwonyeshe mizani, arudie. Bado dogo ni zito. Mfaransa Augustin Charpentier alilieleza mwaka 1891.

Sasa fikiria. Kama ubongo ungekuwa unachanganya tu, macho yanayosema "kubwa, kwahiyo zito" yangevuta hisia upande wa kopo kubwa. Imekuwa kinyume. Kwahiyo kuna mahali jicho halitoi kura, linatoa matarajio, na mkono unapima tofauti na matarajio. Wataalamu bado wanavutana kuhusu sababu halisi na mi siegemei upande.

Kuwafundisha upya waelewane

Makubaliano kati ya jicho na mkono yanavunjika na kujengwa upya haraka kuliko watu wanavyodhani. Chora nyota ya mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, weka karatasi mbele ya kioo, ficha mkono usiuone moja kwa moja, alafu ufuate mstari kwa penseli ukiangalia kwenye kioo tu. Raundi ya kwanza inakera, kwenye kona mkono unaganda. Endelea. Ikifika ya tano au ya sita unaona umeanza kwenda.

Hermann von Helmholtz katika karne ya 19 alitumia prizimu zinazosogeza picha pembeni: ukivaa na kunyooshea kitu kidole unakosa, unarudia rudia unapatia, ukizivua unakosa upande wa pili kwa muda. George Stratton, Mmarekani, miaka ya 1890 alivaa lenzi zilizopindua dunia juu chini kwa siku kadhaa mfululizo na akaweza kufanya shughuli zake. Siri iko kwenye kutenda. Richard Held na Alan Hein mwaka 1963 waliwalea paka wadogo wawili wawili, mmoja anatembea mwenyewe, mwenzake amebebwa kwenye kikapu kilichofungwa na yule anayetembea, wote wanaona vitu vile vile. Aliyetembea alijifunza kuongoza miguu yake kwa macho. Aliyebebwa, hapana, mpaka alipoachiwa atembee.

Kwahiyo kama umepewa miwani mipya na sakafu inaonekana imepinda au ngazi iko karibu kuliko ilivyo, usikae kitini kuizoea. Shika vitu. Nyanyua kikombe, gusa ukingo wa meza, fungua mlango, tembea nyumbani kwanza kabla ya ngazi na barabara. Na tafadhali usijaribu kutembea na lenzi au kioo cha kupotosha, majaribio yote haya ni ya kukaa.

Watoto nao wavumilie. Monica Gori na wenzake mwaka 2008 walikuta kwamba watoto hawachanganyi jicho na mkono kwa ile njia bora mpaka wafike miaka 8 hadi 10, kabla ya hapo kwenye ukubwa wanafuata mkono, kwenye mwinamo wa kitu wanafuata macho. Inaelekea hisi moja inatumika kumfundisha mwenzake. Kwahiyo mtoto wa miaka sita akikuambia hajui kitu ni kikubwa kiasi gani mpaka akishike, mwache akishike.

Na hapa lazima nilitaje swali la William Molyneux wa Dublin, aliyemwandikia mwanafalsafa John Locke mwaka 1688: mtu aliyezaliwa kipofu, anayeijua tufe na mchemraba kwa kugusa, akifunguka macho leo atavitambua kwa kuangalia tu? Mke wa Molyneux alikuwa amepoteza kuona, swali halikuwa la mchezo kwake. Jibu zuri la kisayansi lilipatikana mwaka 2011, kutoka kwa watoto watano nchini India waliofanyiwa upasuaji wa macho kupitia mradi wa Prakash unaoongozwa na Pawan Sinha. Mara tu baada ya upasuaji waliweza kutofautisha maumbo kwa macho, waliweza kwa mikono, lakini walichokigusa wakikiangalia walikisia tu. Baada ya siku chache tu za kuona na kushika wakaanza kuweza. Siku chache! Kila nikilifikiria hilo nafurahi.

Matumizi ya kila siku

Unafunga skrubu nyuma ya mashine ambako jicho halifiki. Usiitafute tundu kwa skrubu. Weka kidole cha mkono wa pili kwenye tundu kikae hapo, kisha lete skrubu kwenye kidole, maana mikono miwili ikikutana inasomana vizuri kuliko mkono mmoja na kumbukumbu ya macho. Kama kuna upenyo mdogo wa kuchungulia tumia kuangalia mkono wako uko wapi, hata kama tundu lenyewe hulioni, ule mtazamo wa sekunde moja unarekebisha saa.

Kutunga uzi kwenye sindano, gusanisha vidole vya mwisho vya mikono yote miwili kwanza, mikono ikiwa imeegemeana mtikisiko unapungua na macho yanabaki na kazi ya milimita ya mwisho tu. Na kama unatumia jicho moja, iwe ni kwa ugonjwa au umefunikwa bandeji, kumimina maji kunasumbua kwasababu uhakika wa kitu kiko mbali kiasi gani umepungua. Gusisha mdomo wa jagi kwenye ukingo wa glasi ndio umimine, mkono unakupa kile jicho limepoteza.

Gizani, kabla ya kuzima taa simama ulipo, tazama njia yote mpaka kitandani, zima, anza kutembea hapo hapo bila kusubiri, mkono mmoja umegusa ukuta kwa mgongo wa vidole, sio kwa ncha, ili vikigonga kitu vijikunje badala ya kukunjwa kinyume. Ukifika kona simama uishike kona yenyewe kwanza, ndio ugeuke.